Mwongozo kamili: kutambua spea usiyoijua kwa akili mnemba

Kosa ni lilelile kila mara. Mashine ya kusaga imesimama Kibaigwa, madebe ya mahindi yamepangana mlangoni. Mwenye mashine anapiga picha moja ya kipande chenye grisi, anaiuliza programu ya akili mnemba "hiki ni nini?", anapewa jina na namba kwa lugha ya uhakika, anatuma hela Dar es Salaam, na kesho yake basi linashusha spea isiyoingia. Hela imekwenda, siku mbili zimekwenda, na wateja wamehamia kwa jirani.

Tatizo ni kwamba picha haina kipimo. Beringi yenye kipenyo cha nje cha milimita 52 na yenye milimita 62, kila moja ikijaza kioo cha simu, zinaonekana pacha. Programu inaweza kukuambia kitu ni cha ukoo gani na upime wapi. Ukubwa unautoa wewe, kwa mkono wako na kalipa yako, yaani kifaa chenye taya cha kupimia milimita. Mwongozo huu wote umejengwa juu ya mgawanyo huo wa kazi.

Vifaa vya kuandaa

- Simu yenye kamera inayopiga vitu vya karibu bila ukungu. Futa kioo cha kamera kwanza. Vumbi jekundu la huku kwetu likichanganyika na mafuta ya vidole hufunika herufi ndogo zote.
- Programu inayosoma picha na kujibu maswali, kama ChatGPT, Gemini au Claude. Ongeza Google Lens kwa kutafuta picha zinazofanana.
- Kalipa ya venia ya milimita 150. Hiki ndicho kifaa usichoweza kukiruka.
- Rula ya chuma na uzi usiovutika.
- Karatasi nyeupe ya A4. Ina milimita 210 kwa 297, kwa hiyo ni tandiko na kipimo kwa wakati mmoja.
- Chaki nyeupe, penseli laini, sumaku na tochi.
- Dizeli au mafuta ya taa kidogo, brashi na kitambaa. Usitumie petroli: mvuke wake hushika moto kwa cheche ndogo tu, na banda la mashine halikosi cheche.
- Daftari na kalamu.

Hatua ya 1: Piga picha kabla hujafungua

Zima mashine. Kama inatumia umeme, zima swichi kuu na umwambie kila aliye karibu asiiwashe. Kama ni ya dizeli, subiri ipoe.

Piga picha tatu kitu kikiwa bado mahali pake: moja ya mashine nzima, moja ya eneo lenyewe, moja ya karibu. Kisha piga kibati cha mashine chenye jina, modeli na namba.

Sababu ni kwamba nusu ya utambuzi iko kwenye jirani wa kitu, si kwenye kitu chenyewe. Bomba dogo la shaba mkononi laweza kuwa bushi, kola au kipande cha bomba la mafuta. Likionekana limekaa kati ya shafti na nyumba ya pampu, yaani ganda lake la nje, ubishi umekwisha: ni bushi.

Kibati kinasema mengi kuliko watu wanavyodhani. Kwenye injini nyingi za Kichina za silinda moja zinazoendesha vinu na pawatila, kipenyo cha silinda kimo ndani ya jina: R175 ni milimita 75, R180 ni 80, S195 ni 95, ZS1115 ni 115. Ukiacha kuipa programu jina hilo, itakisia ringi au gasketi kwa umbo tu, na umbo la nyingi kati ya hizo linafanana mno.

*Umefaulu kama* mtu ambaye hajawahi kuiona mashine yako anaweza kutazama picha tatu akanyoosha kidole pale spea ilipokaa.

Hatua ya 2: Safisha kwa adabu

Lowesha kwa dizeli, acha dakika 10, sugua kwa brashi, futa. Grisi iliyoshikana na vumbi inaficha namba, na pia inaongeza kipimo: tabaka la nusu milimita kila upande ni milimita nzima kwenye kalipa.

Kama kitu kimevunjika, usiguse uso wa mpasuko kwa brashi ya waya. Rangi na chembechembe za pale ndizo zinazoonyesha kama kilikatika ghafla au ufa ulikuwa unakua siku nyingi. Suuza tu.

Beringi usiizungushe kwa upepo wa kompresa. Inaweza kurusha gololi.

Hatua ya 3: Soma namba, na ujue ni namba ya nini

Namba zilizogongwa huchakaa hadi jicho likashindwa. Sugua chaki bapa juu ya uso wa chuma, kisha pitisha kidole au kitambaa kikavu mara moja tu. Chaki inabaki ndani ya mikwaruzo na kutoka juu, na herufi zinajitokeza nyeupe. Kama bado hazisomeki, lalisha tochi karibu kabisa na chuma ili mwanga upite kando. Kila shimo linapata kivuli chake. Njia ya tatu ni kulaza karatasi nyembamba juu yake na kupaka penseli kwa ubavu.

Andika unachokiona, si unachokidhania. Jozi zinazowapoteza watu ni 6 na 9, 8 na B, 0 na O, 1 na 7, 5 na S. Pasipo hakika weka alama ya kuuliza: "620?".

Halafu tofautisha. Namba zilizovimba kwenye chuma cha kusubu zimetoka na kalibu, yaani umbo ambamo chuma kilichoyeyushwa kilimiminwa. Aghalabu hizo ni namba za kiwandani za kalibu, wala si namba ya kuagizia spea, na kalibu moja inaweza kuzaa vitu vinavyochongwa kwa vipimo tofauti. Namba zilizogongwa au kuchorwa baadaye ndizo zenye thamani zaidi. Mwambie programu ipi imevimba na ipi imegongwa; isipoambiwa inazichukua zote kuwa namba za spea.

Hatua ya 4: Picha za utambuzi

Weka kitu juu ya karatasi ya A4, na rula ya chuma kando yake kwenye usawa uleule. Fanya kazi hii asubuhi au chini ya mti. Jua la Dodoma la saa sita juu ya chuma kilichosafishwa linatoa mng'ao mweupe unaofuta kila maandishi.

Usisogeze simu hadi iguse. Kaa mbali kidogo, kama urefu wa mkono, kisha kuza mara 2. Kamera ikiwa karibu mno, upande ulio mbele unavimba na mduara unageuka yai.

Piga tano: juu, ubavu, kila ncha, na namba peke yake. Kama kuna meno, hakikisha picha moja inayaonyesha yote ili yahesabike. Usiache kitambulisho, kadi ya benki wala hati yoyote ndani ya picha.

Picha zikipita WhatsApp kwa njia ya kawaida zinabanwa na herufi ndogo zinapotea. Zitume kama dokumenti.

*Umefaulu kama* ukikuza picha kwenye simu unasoma mistari ya milimita ya rula bila kukodoa.

Hatua ya 5: Pima. Hapa ndipo kazi ilipo

Funga kalipa na uhakikishe inasoma sifuri. Kila kipimo chukua mara tatu, sehemu tatu tofauti, uandike vyote. Vikipishana zaidi ya milimita 0.2 kwenye kitu cha mviringo, kimeliwa au kimepinda, na hiyo nayo ni habari ya kumpa programu.

*Beringi.* Pima tundu la ndani, kipenyo cha nje na upana. Tuseme umepata 25, 52 na 15. Kwa gololi za mstari mmoja hiyo ni 6205. Ukipata 25, 62 na 17 ni 6305. Tarakimu mbili za mwisho mara 5 zinakupa tundu la ndani: 05 ni milimita 25, 06 ni 30. Kanuni hiyo inaanzia 04. Chini ya hapo, 00 ni milimita 10, 01 ni 12, 02 ni 15 na 03 ni 17.

Lakini usikimbilie dukani na vipimo peke yake. Beringi 1205 ina 25, 52 na 15 vilevile, ila ina mistari miwili ya gololi na inajilekebisha shafti ikiinama. NU205 nayo ni 25, 52 na 15, ila ina rola badala ya gololi. 30205 ni 25 kwa 52 lakini upana wake ni 16.25, na rola zake zimelala mshazari. Ndiyo sababu programu inahitaji picha na vipimo kwa pamoja: picha inatenga aina, vipimo vinatenga ukubwa.

Mtego mwingine uko kwenye beringi zinazokaa ndani ya nyumba ya chuma yenye miguu miwili ya bolti, ambazo ni za kawaida kwenye vinu na mashine za kukamua alizeti. UC205 ina tundu la milimita 25. UC205-16 ina tundu la inchi 1, yaani 25.4. Ukizipiga picha hazina tofauti hata moja. Ya 25.4 itaingia kwenye shafti ya 25 kwa ulaini wa kufurahisha, itacheza, na itaiharibu shafti.

*Sili ya mafuta.* Usipime mdomo wa sili ya zamani. Mpira umeshalegea, na hata sili mpya mdomo wake hutengenezwa mdogo kidogo kuliko shafti ili ubane. Pima shafti inapopita sili, pima tundu la nyumba inapogongewa, kisha upana. Sili huandikwa kwa mpangilio huohuo: 35-52-7 maana yake shafti 35, nyumba 52, upana 7.

*Mkanda wa V.* Pima upana wa juu. Karibu milimita 13 ni A, 17 ni B, 22 ni C. Mkanda uliochakaa unapungua, kwa hiyo pima pia mdomo wa mfereji wa puli. Urefu: zungushia uzi mgongoni mwa mkanda, unyooshe kwenye rula. Namba ya B60 inataja inchi 60 za mzunguko wa ndani, sawa na milimita 1524. Wewe umepima nje, kwa hiyo toa milimita 50 kwa A na 69 kwa B, kisha gawa kwa 25.4. Wanaosahau kutoa hurudi na mkanda mrefu kwa inchi 2 au karibu 3.

*Bolti na nyuzi.* Kipenyo cha nje cha nyuzi husoma pungufu kidogo: 11.8 ni M12. Kisha pima umbali kutoka mgongo wa uzi wa kwanza hadi wa 11, ugawe kwa 10. M12 ya kawaida hutoa 1.75, M10 hutoa 1.5, M8 hutoa 1.25. Bolti ya nusu inchi ina kipenyo cha 12.7 na kwa nyuzi pana ina nyuzi 13 kwa inchi, kwa hiyo haiingii nati ya M12 hata ukiilazimisha. Soma na kichwa: 8.8 au 10.9 ni daraja la nguvu ya bolti, si ukubwa. Programu nyingine huchukua 8.8 kuwa milimita, kwa hiyo liseme wazi.

*Nyuzi za mabomba ya maji.* Jina halifanani na kipimo. Bomba la nusu inchi la nyuzi za Kiingereza husoma karibu milimita 20.9 kwa nje, la robo tatu 26.4, la inchi moja 33.2. Ukiandika tu "kipenyo 21", utapelekwa kwenye kitu kingine kabisa.

*Mnyororo.* Pima kutoka kati ya pini hadi kati ya pini, viungo 10. Mnyororo mpya wa 428 wa pikipiki hutoa milimita 127. Zaidi ya 129 umeshavutika. Usimpe programu kipimo cha kiungo kimoja.

*Ujumla.* Hesabu meno ya gia mara mbili, ukianza kwa alama ya chaki. Gusisha sumaku: shaba, aluminiamu na plastiki hazishiki, na baadhi ya vyuma visivyoshika kutu pia havishiki.

Hatua ya 6: Andika swali lenye nyama

Tuma picha zote pamoja na maneno ya namna hii:

"Nataka kutambua spea ya mashine. Mashine: kinu cha kusaga mahindi, kinaendeshwa na injini ya dizeli S195 kwa mkanda. Mahali: upande wa puli, kwenye shafti kuu. Kazi: inashika shafti izunguke. Vipimo kwa kalipa: ndani 25.0, nje 52.0, upana 15.0. Sumaku inashika. Namba iliyogongwa: 620?, ya mwisho haisomeki. Nipe uwezekano mitatu kwa mpangilio. Kwa kila mmoja sema unaona nini kwenye picha kinachouunga mkono, na kipimo gani kikipatikana kitaupinga. Usitaje namba ya spea kama haionekani kwenye picha au haitokani na vipimo nilivyokupa. Mwishoni nipe jina la Kiingereza linalotumika kwenye katalogi."

Sentensi ya kuomba vipimo vitakavyopinga ndiyo yenye uzito kuliko zote. Programu hizi zina mwelekeo wa kutaka kuridhisha. Ukiomba jina unapewa jina. Ukiomba njia ya kulikataa jina, inalazimika kurudi kwenye picha. Na jina la Kiingereza ni la lazima kwa sababu katalogi nyingi na maboksi ya spea ndivyo yalivyoandikwa.

Kiswahili kinaeleweka vizuri, ila maneno ya gereji yanaweza kupotoshwa. "Nyundo" za kinu zinaweza kueleweka kuwa nyundo za kugongea misumari. Eleza: "vipande bapa vya chuma vinavyozunguka ndani ya kinu na kupasua punje."

*Dalili njema:* inakuuliza kipimo ulichosahau. *Dalili mbaya:* inatoa namba ndefu ya spea, na mtengenezaji wake, kutoka kwenye picha isiyo na herufi hata moja. Namba hiyo imetungwa. Iache.

Hatua ya 7: Libane jibu

Fungua mazungumzo mapya kabisa. Tuma picha na vipimo vilevile bila kutaja jibu la kwanza, kwa sababu ukilitaja litakubaliwa. Majibu mawili yakikutana kwenye ukoo mmoja, endelea. Yakiachana, waulize wote wawili: "Nipime wapi ili nijue ni lipi?" Kisha ukapime.

Pitisha picha ya ubavu kwenye Google Lens. Usiangalie tokeo la kwanza tu, tazama kama matokeo mengi ni ya ukoo uleule.

Halafu ingiza namba uliyopata kwenye katalogi ya mtengenezaji wa aina hiyo ya spea. Watengenezaji wakubwa wa beringi kama SKF na NSK wana katalogi za bure mtandaoni. Linganisha kila kipimo. Hapa ndipo jibu linageuka kutoka dhana kuwa ukweli. Kipimo kimoja tu kisipolingana, hata kwa sehemu ya milimita, rudi Hatua ya 5.

Hatua ya 8: Dukani, au kwa simu

Nenda na spea ya zamani, kalipa, na karatasi yenye namba na vipimo. Pima mpya mbele ya muuzaji kabla ya kulipa. Maandishi ya boksi si kipimo.

Kama inatoka Dar es Salaam, omba muuzaji akutumie picha ya spea mpya ikiwa ndani ya taya za kalipa, namba zikisomeka. Hilo ni ombi la dakika moja, na anayelikataa hajaiona spea yenyewe.

Waulize pia kuhusu herufi za nyuma. 6205-2RS ina vifuniko vya mpira pande zote mbili, 6205-ZZ ina vya bati. Kwa kinu kinachovuta vumbi la unga kutwa, ya mpira inakaa zaidi.

Pale ambapo usitegemee njia hii

Breki, usukani, minyororo ya kunyanyulia, vali za usalama za boila na kompresa: tumia akili mnemba kujua jina tu. Uamuzi wa kununua na kufunga uwe wa fundi mwenye kitabu cha mashine husika. Spea ya breki inaweza kuingia vizuri kabisa na bado ikaua mtu, kwa kuwa ugumu wa chuma hauonekani kwa picha wala kwa kalipa.

Na usishike mkononi nozeli ya dizeli inayopuliza ili tu upate picha ya kuipa programu. Presha yake inatoboa ngozi.

Ikishindikana baada ya mizunguko mitatu

Huenda kipande kilichongwa na mtu na hakina namba popote duniani. Mashine zilizorithiwa zina vingi vya namna hii. Mpelekee fundi wa leidi, mashine ya kuchongea chuma. Unaweza kuulizia chuo cha ufundi cha VETA au ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, wakuelekeze kwa anayechonga.

Mpelekee vitu vinne: kipande cha zamani hata kama kimevunjika vipande, kile kinachoingia ndani yake, kile kinachokizunguka, na ukurasa wa vipimo. Kama kilichakaa, mwonyeshe sehemu isiyoguswa na kitu, maana pale ndipo kipimo cha asili kilipobaki. Mwombe aandike vipimo alivyochongea, na ukurasa huo uubandike ndani ya mlango wa banda.